Mguu Usio na Mwenyewe

Mimi siwezi kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Nikienda hospitali, hata kama kinachoniuma ni kichwa tu, nitasimama ukutani, nitatoka nje kuangalia bodaboda, nitarudi kusoma tangazo la kunawa mikono ambalo nimeshalikariri, kisha nitatoka tena. Manesi hudhani ninaogopa majibu ya vipimo. Mume wangu anasema nina siafu miguuni. Wote hawajui kwamba nimekulia kwenye benchi, na benchi hilo lilimaliza subira yangu yote kabla sijavuka darasa la pili.

Nimelikumbuka wiki hii kwa sababu ya pazia. Tulikuwa tunatoa vitu kwenye iliyokuwa zahanati ya Baba pale Buhongwa, Mwanza, maana mwenye nyumba amepata mpangaji wa kuuza saruji na mabati. Kitanda cha kupimia kilishabebwa, mizani ilishabebwa, ukuta umebaki na alama za misumari. Pazia la kijani lilikuwa bado linaning'inia kati ya vyumba viwili. Nilipolivuta nilikunje, likanipiga usoni na harufu yake: spiriti, sabuni ya vipande, na vumbi la malori ya barabara ya Shinyanga. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mdogo wangu akaniuliza kama naumwa, kwa kuwa si kawaida yangu kukaa.

Baba alikuwa tabibu. Wagonjwa wa mjini walimwita Daktari, wazee waliotoka vijijini walimwita Bwana Mganga, na yeye aliitika yote. Mama alikuwa na duka la vitenge Mabatini na hakurudi mpaka jioni, kwa hiyo nikitoka shule nilipelekwa zahanati kungoja. Mahali pa kungojea palikuwa pamoja na wagonjwa, kwenye benchi refu la barazani. Benchi lile lilikuwa na sheria zake. Ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Mtu ananyoosha mkono, na kuanzia hapo huyo ndiye jirani yako wa maisha. Mmoja akiingia ndani, wote mnasogea nafasi moja, makalio yanateleza kwenye mbao iliyong'aa kwa kusuguliwa na watu. Nami nilisogea nao. Nikifika mlangoni Sista, muuguzi wa Baba, ananitazama, ananielekeza kwa kidole mwisho wa benchi, na ninaanza upya. Mchana mzima nilikuwa nasogea bila kufika, nikitikisa miguu mpaka mgonjwa wa pembeni aombe kwa upole nimhurumie kichwa chake.

Nilijifunza mengi hapo kuliko shuleni. Nilijua kwamba kuna mzee asiyekubali kuwa ametibiwa mpaka achomwe sindano, na akipewa vidonge tu huondoka akisema amepewa pipi. Nilijua kuna mama ambaye ukimuuliza homa ilianza lini, anaanzia mwaka alioolewa. Vijana wa kiume walikuja kila mara kwa niaba ya rafiki yao ambaye ana tatizo, na rafiki huyo hakuwahi kuonekana hata siku moja. Wavuvi waliopanda kutoka ziwani walinuka dagaa na walikuwa na haraka, nao ndio waliolala usingizi wa kwanza pale benchini.

Sista Koku, muuguzi pekee wa zahanati, Mhaya mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, aliogopwa kuliko sindano yake. "Homa haikuanza leo," angemwambia mtu, "kwa hiyo usiniletee leo." Lakini hao hao aliowagombeza ndio walioomba wachomwe na yeye, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi. Baba alikuwa kinyume chake. Hakumgombeza mtu. Alimwamkia mzee shikamoo, akampa mkono, halafu hakuuachia mkono ule wakati wote akimuuliza maswali. Wagonjwa walidhani ni upendo. Nilipokua ndipo akaniambia kwamba mkononi alikuwa anatafuta homa na mapigo ya moyo, na kwamba hata hivyo wagonjwa hawakukosea. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ya baridi siku zote. Watoto walistuka akiwagusa tumbo.

Mwaka ule tetekuwanga ilipita mtaani kwetu, na kupitia dirishani nilimsikia Baba akiwaambia kina mama maneno yale yale mpaka nikawa nayasema naye. Mgonjwa akae chumba chake. Mtenge sahani yake na kikombe chake. Msilale naye, msikalie alipokalia. Aliyekwisha kuugua zamani hana wasiwasi, amhudumie tu, maana hawezi kuambukizwa tena. Ambaye hajawahi, asimsogelee kabisa. Yale maneno yalinikaa. Nilitazama dunia nzima kwa yale maneno, na dunia ikanijibu siku Bibi alipokuja.

Bibi mzaa mama aliishi kijijini, upande wa Misungwi. Alikuwa akija kwetu mara chache, na kila alipokuja, Baba alihama. Sisemi kwa mzaha. Akisikia tu kikohozi cha Bibi getini, Baba aliinuka kwenye kiti chake, akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Kiti chake kiligeuzwa kikatazama ukuta ili Bibi asikikalie kwa bahati mbaya. Sahani zilitengwa. Baba alilala zahanati, kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, na chakula nilimpelekea kwenye hotipoti. Siku moja walikutana uso kwa uso njiani, mimi nikiwa na Bibi. Baba, mtu mzima na shati lake jeupe, akaingia kwenye shamba la mihogo la watu na kusimama humo akiwa ametupa kisogo. Bibi akavuta khanga ikafunika uso, akapita. Walisalimiana wakiwa hivyo, mmoja akiongea na mihogo na mwingine akiongea na khanga.

Nilimuuliza Mama kwa nini. Akasema, "Ni mkwe wake," kwa namna ya mtu aliyemaliza kujibu, akaendelea kuchambua mchele. Kwake lilikuwa jambo lisilo na maelezo, kama kwamba jua linachomozea mashariki. Sisi Wasukuma, na jirani zetu wengi wa kanda hii ya ziwa, mwanamume na mama wa mkewe hupeana heshima kwa kukaa mbalimbali. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo usiseme. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa na elimu yangu ya dirishani. Chumba chake, sahani yake, msikalie alipokalia, ambaye hajaugua asimsogelee. Hesabu ilijijumlisha yenyewe kichwani. Bibi alikuwa na ugonjwa. Mama na mimi tuliweza kulala naye kwa kuwa tulikuwa damu yake, tulishaupata na kupona tumboni huko. Baba alitoka ukoo mwingine, hakuwahi kuugua, na ungempata ungemuua. Nikaupa jina, nikauita ukwe, na sikumwambia mtu, kwa sababu zahanati ilinifundisha pia kwamba ya wagonjwa hayatangazwi.

Basi nikawa mlinzi. Bibi akiwepo sikutulia kabisa. Nilifuta kitasa cha mlango aliposhika. Nilikagua hotipoti ya Baba. Nilikuwa nampenda sana Bibi, ambaye aliniita mke mwenza na kunifungia karanga kwenye pindo la khanga, na nilikuwa nampenda Baba, na kati yao nilikimbia kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Safari ninayoizungumzia, Bibi alifika akiwa amevaa soksi ya mpira wa miguu mguu mmoja. Nene, ya rangi ya machungwa, ya mjomba. Alisema ni baridi, na wakati huo jua la Mwanza lilikuwa linapasua mawe. Alitembea kwa kuuchunga ule mguu, akikaa anauficha chini ya khanga. Usiku nilipolala naye ndipo nikasikia harufu. Mtoto mwingine labda angedhani ni panya aliyekufa, lakini mimi niliijua ile harufu, niliishi nayo benchini. Ni harufu ya watu ambao Sista Koku huwatoa kwenye foleni na kuwapitisha mbele bila kumgombeza mtu.

Nilijua basi kwamba ukwe umeiva. Asubuhi nilipopeleka chai zahanati nilimwambia Baba kwamba Bibi ananuka mguu. Baba alikuwa anakata mkate. Aliweka kisu chini taratibu, akaniuliza ananuka vipi, tangu lini, kuna weusi, kuna maji. Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Hakumaliza chai. Alikuja nyumbani kwa miguu akiwa na koti lake la kazini, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasimama uani, kisogo kikitazama dirisha la chumba cha Bibi.

Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo ya kuchosha kuliko yote niliyowahi kusikia. Mama aliingia ndani, akatoka, akaingia. Ikajulikana kuwa Bibi alijikata na jembe wakati wa palizi, akapaka dawa za majani, akafunga kitambaa, kidonda kikamwendea vibaya. Hakutaka kusema, kwa sababu kusema kwetu ni kumwambia Mama, na kumwambia Mama ni kumwambia mkwe, na mkwe ni mtu wa kuangalia miguu ya watu. Baba akasema kupitia Mama kwamba aende hospitali kubwa mjini. Bibi akajibu kwamba jirani yake alikwenda huko na mguu akarudi na magongo, kwa hiyo yeye anapanda basi la Misungwi mchana huu huu, akafie kwake akiwa na viungo vyake vyote. Akaanza kufunga kibunda. Mama akalia. Baba akasogea hatua moja kuelekea dirishani, akasita, akarudi nyuma. Sijawahi kumwona mtu mzima akitapatapa namna ile mahali pasipo na kitu kinachomzuia.

Mwishowe walipatana nusu. Bibi atakwenda zahanati, lakini atamwona Sista peke yake, mkwe asiwepo chumbani. Baba akatangulia kwa njia ya nyuma.

Benchi lilikuwa limejaa. Bibi, kwa adabu yake ya kijijini, akauliza wa mwisho ni nani, akaketi. Hakukaa muda. Sista Koku alitoka mlangoni, akanusa, akamshika mkono akamwingiza. Mama alibaki nje kwa kuwa hata damu ya kuku humlegeza magoti. Hapo likazuka tatizo jingine. Bibi hakujua Kiswahili cha kutosha kuelezea maumivu, na Sista hakujua Kisukuma hata cha kuombea maji. Baba alikuwa nyuma ya pazia la kijani, akisikia kila kitu, ila hakuweza kumsemesha mkwe wake moja kwa moja. Wakaniita mimi. Nilikalishwa kwenye stuli pale pazia linapoishia, upande mmoja nikimwona Baba ametazama ukuta, upande mwingine nikimwona Bibi ametazama dari.

Soksi ikavuliwa. Sitaueleza mguu ule, wanaojua wanajua. Sista Koku, ambaye sikuwahi kumwona akisita, alisita. Akampima sukari, akasema iko sawa. Akabonyeza juu ya unyayo akitafuta mapigo, akasema haelewi, kumevimba mno.

"Mwulize bibi yako kama anasikia vidole," akasema Baba kwa ukuta. Nilielewa kutokana na sauti yake kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Alimwambia Sista kwa Kiswahili kwamba kama vidole vimekufa, ni hospitali leo hii, atake asitake, la sivyo mguu utamchukua mzima mzima.

Nikamwuliza Bibi. Bibi akajibu haraka kwamba anasikia, anasikia sana.

"Anasema anasikia," nikamwambia Baba, "lakini Sista hajamchoma bado."

Kule nje mtu alikohoa. Sista akachoma kidole kimoja kwa ncha ya sindano, Bibi akasema anasikia. Akanyanyua sindano hewani bila kugusa kitu, Bibi, macho yakiwa darini, akasema anasikia. Sista Koku akatikisa kichwa. "Daktari waitu," akasema, Kihaya chake kikimtoka, "huyu mama atakubali kila kitu ili arudi kwao. Mimi siwezi kuubeba mguu huu peke yangu. Njoo uushike."

Nilimwona Baba akikunja mikono na kukunjua. Alikuwa na mikono iliyozoea kushika watu wote wa Buhongwa, na mtu mmoja tu asiyeruhusiwa kumshika alikuwa nyuma ya kitambaa, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alipozungumza alizungumza Kisukuma, polepole, ingawa bado aliongea na ukuta.

"Kabula, mwambie bibi yako hivi. Uso ni wa mkwe. Mguu ni wa mgonjwa."

Bibi alishasikia, lakini akangoja. Nikamwambia. Akafumba macho. Muda ulikuwa mrefu mno kwangu, nikaanza kutikisa miguu, stuli ikalia. Halafu Bibi akafungua khanga yake ya pili, akaitandaza kuanzia utosini, akajifunika gubigubi, akabakiza mguu mmoja tu nje, tangu fundo la mguu kushuka. Sauti ikatoka chini ya khanga.

"Mwambie baba yako aje. Lakini mimi sipo."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Baba akavuta pumzi, akashika pazia. Na hapo akili yangu ikaniruka. Hofu yote ya miezi ile, vitasa nilivyofuta na sahani nilizokagua, ilikuwa imefika kwenye siku yake. Nikaruka kutoka stulini, nikamkumbatia Baba miguu yote miwili.

"Usimguse," nikalia. "Utaambukizwa. Utakufa."

Sista Koku aliniuliza kwa mshangao ataambukizwa nini. Nikasema ukwe. Na kwa kuwa hawakuelewa, nikawaeleza kwa kwikwi, kwa Kiswahili na Kisukuma mchanganyiko, kila kitu: chumba chake, sahani yake, kiti kilichogeuzwa, shamba la mihogo, na kwamba sisi wengine tulishaugua ila yeye bado. Nilimsihi avae glovu mbili mbili.

Khanga ikaanza kutikisika. Nilidhani Bibi anakata roho. Ikatikisika mpaka kitanda kikalia, na mguu ule mbaya ukatikisika nao, na kutoka chini ya kitambaa kikatoka kicheko cha Bibi, kile cha kifuani alichokuwa akicheka akinitania. Baba naye alikuwa ameshika ukingo wa mlango, kichwa chini, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamtiririka. Sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Walicheka hivyo pamoja, mmoja hayupo na mwingine hatazami, na ndiyo mara ya kwanza nilizisikia sauti zao zikiwa chumba kimoja.

Baba aliniinua, akaniweka nyuma yake, akaingia macho yakiwa chini. Aliushika mguu. Bibi alistuka mwili mzima.

"Mwambie baba yako," ikasema khanga, "mikono yake ni ya baridi."

"Mwambie bibi yako," akasema Baba, "nashukuru. Kumbe mguu unasikia."

Vidole vilikuwa hai. Si vyote kwa kiwango kimoja, lakini hai. Baba aliyapata mapigo, akamwonyesha Sista yalipo, akakaa pale kwa muda mrefu akikata nyama iliyokufa na kuosha, akitaja kila anachofanya kwa sauti ya chini, nami nikikirudia ingawa hakukuwa na haja. Bibi alishika mkono wangu chini ya khanga akauminya mpaka vidole vyangu vikawa vyeupe. Hakulia. Asiyekuwepo hawezi kulia.

Ukaanza wakati wa kusubiri, ambao ndio ulionimaliza. Sindano asubuhi na jioni, kidonda kufunguliwa kila siku, na Baba kila siku akisema kwamba kesho ndiyo itasema. Bibi alitaka kwenda kuvuna. Mama alitaka jibu. Mimi niliambiwa na Mama, safari hii kwa maneno kamili, kwamba ukwe si ugonjwa bali ni heshima, nikaitikia kwa mdomo. Moyoni sikuwa na uhakika. Heshima gani inafanana hivyo na tetekuwanga? Kila asubuhi nilimnusa Baba shingoni nikijifanya namkumbatia. Alipopiga chafya nilishindwa kula. Nilimkagua miguu akiwa amelala.

Benchi nalo lilishajua, kwa sababu benchi hujua kila kitu. Watu wale waliokuwa wakigombania nafasi moja mpaka kutishiana, wakimwona mwanamke aliyefunikwa gubigubi akiongozwa na mtoto, walisogea wenyewe. Hakuna aliyemwamkia, maana hakuwepo. Mzee wa sindano ndiye aliyeanza kusema, "Upisheni mguu," na ikawa ndivyo. Sista Koku naye alikuwa akisimama mlangoni na kuita ndani bila kucheka, ili Baba apate kuteremsha macho yake kabla pazia halijafunguka: "Daktari, mguu umefika."

Siku moja Baba alifungua kitambaa akakaa tu akitazama. Nilidhani ni kifo. Akaniita nisogee, akanionyesha pembeni mwa kidonda nyama changa, nyekundu kama ufizi wa mtoto. "Mwambie bibi yako atavuna," akasema. Khanga ya Bibi ilipanda na kushuka polepole.

Akarudi kwake akichechemea kidogo, akitembea kwa miguu yake yote miwili. Mimi, kwa ujinga wangu wa mtoto, nilitegemea kwamba sasa mambo yamekwisha, kwamba akija tena watakaa sebuleni wote na kula sahani moja. Alikuja msimu uliofuata na viazi na kuku. Baba alisikia kikohozi getini, akainuka, akatoka kwa mlango wa jikoni. Kiti kikageuzwa. Nilikasirika, nikagoma kumpelekea hotipoti. Lakini Mama alipofungua kibunda cha Bibi, kuku mmoja alikuwa amefungwa utepe mguuni peke yake, na Bibi akasema huyo ni wa mguu, apelekwe zahanati. Iliendelea hivyo miaka yote. Kila Bibi alipokuja, kuku wa mguu alipelekwa zahanati. Hawakuwahi kutazamana.

Baba alitutoka mwaka huu, moyo wake, ghafla, akiwa kazini. Mwili ulipoletwa nyumbani kuagwa, watu wa benchi walijaa hadi barabarani, na ninaapa walijipanga wenyewe, wakisogea mmoja mmoja. Mimi sikukaa. Nilizunguka uani, nilihesabu viti, niliosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Bibi alikuwa ameletwa kutoka Misungwi, mzee sana sasa, macho hafifu. Wanaume wa ukoo walimwambia kwa heshima kwamba mkwe hamkaribii mkwe hata sandukuni, akae na wanawake ndani. Alikaa. Nilipopita mbio na sinia akanikamata pindo la gauni.

"Mke mwenza, nipeleke."

Nilimwambia walivyosema. Akajibu kwamba amesikia, yeye si kiziwi, na kwamba uso atauacha. Nikaenda nikamnong'oneza Sista Koku, ambaye ni bibi naye sasa, mwenye mvi. Aliinuka bila kuuliza, akaenda kwenye jeneza, akamfunika Baba uso kwa leso nyeupe, akamtoa mkono wa kulia nje ya shuka, akaulaza juu. Halafu akawatazama wale wanaume kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wabishi. Wakapisha.

Bibi alijifunika khanga mpaka machoni. Alikwenda akichechemea, mkono wake begani kwangu, na foleni nzima ikasogea bila mtu kuambiwa. Akapapasa mpaka akaupata ule mkono. Akaushika kama Baba alivyoshika watu, bila kuuachia, akiuliza kitu kwa vidole. Hata miguu yangu ilitulia.

"Bado ni ya baridi," akasema. Kisha akanigeukia, kwa sauti ile ile ya chini ya khanga.

"Mwambie baba yako mguu umefika."

Nikainama sandukuni, nikamwambia.